Kijitabu Kisicho na Uso

Watu waliuliza, na wana haki ya kuuliza, kwa nini kijitabu cha mazishi ya mama yangu hakikuwa na picha. Mbele kulikuwa na jina lake na tarehe zake mbili, na chini ya jina nafasi nyeupe yenye ukubwa wa kiganja. Shangazi yangu mmoja alikigeuza mara tatu akidhani amepewa kilichoharibika. "Hata picha moja mlikosa?" akaniuliza. "Na vile mama yako alikuwa mrembo." Jirani yetu wa mtaa wa Skuta alikirudisha mezani akachukua kingine, akakuta ni kile kile. Niliwajibu wote kwamba marehemu mwenyewe alitaka hivyo. Ni kweli, ila ni ukweli mfupi, na mrefu ndio huu.

Vijitabu hivyo nilivikunja mwenyewe. Siku hizi maduka ya uchapishaji yana mashine inayokunja na kupiga pini kabla hujamaliza kikombe cha chai, lakini niliomba nipewe karatasi zikiwa bapa. Nilizikunja kwenye meza ya Mama, kwa mfupa wa Mama, ule ubavu wa ng'ombe aliouomba buchani kabla sijazaliwa, akausugua kwa msasa mpaka ukawa laini. Ukiupitisha juu ya mkunjo, karatasi inatii. Umebadilika rangi ukawa kama chai ya maziwa, na bado una harufu ya gundi ya ngozi. Nyinyi wa rika langu mnaijua harufu hiyo, ya kwato zilizochemshwa, inayokaa kwenye nywele hata baada ya kuoga. Niliuleta puani tu, nikawa na miaka minane, nimejikunyata chini ya meza, picha ya Cucu, bibi yangu, ikiwa kwenye droo juu ya kichwa changu.

Mama alikuwa fundi wa kufunga vitabu katika duka moja la uchapishaji mjini Nyeri, upande wa juu wa mtaa wa Majengo. Mashine ya kuchapa na mwenye duka walikaa chumba cha mbele. Chumba cha nyuma kilikuwa cha Mama na Mzee Saidi. Karatasi zilitufikia zikiwa mashuka makubwa, kurasa nyingine zimesimama kichwa chini, na zikatoka zikiwa vitabu. Mama alikunja, akapanga, akapiga pini, akashona, akabandika. Mzee Saidi alikata. Mashine yake ilikuwa na gurudumu la kubana karatasi na kisu kirefu, na aliposhusha mpini sakafu ilitikisika mpaka chini ya meza nilipokuwa. Vipande vyembamba vya kando vilianguka miguuni pake, na kila jioni alivikusanya kwenye gunia, akaenda navyo kwake Majengo kuwashia jiko. Kila mtu alilijua gunia hilo, na hakuna aliyekuwa na neno nalo.

Likizo zote nilishinda pale. Nyumbani hakukuwa na wa kunitunza, na chini ya meza ya Mama kulikuwa na joto, kwa sababu jiko la makaa la kuyeyushia gundi liliwekwa kando ya miguu yake. Nyeri ya Agosti haina mzaha. Ukungu ulikuwa unaingia hadi ndani, karatasi zinavuta unyevu na kujikunja pembeni, na Mama anazikemea kana kwamba ni watoto wakaidi. Nilikuwa na mto wangu wa mabaki ya kitambaa cha majalada, na kutoka hapo niliona dunia kuanzia magotini kushuka chini.

Wiki yetu ilikuwa na mpango wake. Jumanne na Jumatano walikuja watu wakiwa na bahasha, na ndani ya bahasha kulikuwa na picha: mwanamume akicheka kwenye harusi ya mtu, mama na keki, msichana wa shule akiwa na tai. Waliozileta hawakulia. Walikuwa watu wa kuulizana kuhusu rangi ya karatasi na idadi ya nyimbo. Kufikia Alhamisi uso ule mmoja ulikuwa umekuwa nyuso mia tatu, na Mama alizikunja zote, akazipiga pini mbili mgongoni, tap, tap. Mzee Saidi alizikata pembeni. Ijumaa zikachukuliwa, na Jumamosi mwenye uso akazikwa.

Sasa mtoto angefikiri nini? Sikuwahi kuona mtu akifa hospitalini wala nyumbani. Nilichoona ni mtu akiingia dukani akiwa anacheka kwenye picha, na siku nne baadaye yuko kaburini. Sikuwa na shaka hata kidogo kwamba watu walikuwa wanafia kwetu, mezani kwa Mama, kati ya mkunjo na pini ya pili. Sikumchukia kwa hilo. Nilidhani ni kazi kama ya buchani, ambayo lazima mtu aifanye ili wengine wasiifanye. Lakini jioni akinipakulia githeri nilikuwa naiangalia mikono yake, na nyakati nyingine nilisema nimeshiba.

Jambo moja tu halikuingia kwenye hesabu yangu, nalo lilikuwa Mzee Saidi. Sikuwahi kuona picha ya mtu wa msikitini ikija kwenye bahasha. Nikamuuliza.

"Mzee Saidi, mbona watu wenu hawaletwi hapa?"

Aliinama kunitazama chini ya meza, ndevu zake zina vumbi la karatasi. "Sisi hatuchapishwi, shosho mdogo. Mambo ya programu za mazishi ni yenu."

"Hata wewe?"

"Hata mimi. Siku yangu hutaona karatasi."

Nikaelewa kwamba Mzee Saidi hatakufa, na nikafurahi, kwa sababu nilimpenda. Alikuwa ananikatia daftari ndogo za kuchorea kutoka kwenye mabaki, ukubwa wa sanduku la kiberiti, na Mama akanishonea kwa uzi. Aliniita shosho mdogo kwa sababu nilikuwa na jina la Cucu, mama yake Mama. Mimi ni Wangui kwa kuwa yeye alikuwa Wangui, na kwa desturi yetu ya Kikuyu anayepewa jina la mtu ni mtu yule yule amerudi. Mama aliniita "maitu", yaani mama yangu, hata alipokuwa ananikaripia. "Maitu, toa miguu kwa gundi!"

Tulifunga pia vitabu vya jalada gumu: rejista za shule, vitabu vya mahudhurio, kazi za wanachuo. Hivyo Mama hakuvipiga pini. Alivishona kurasa kwa sindano na uzi aliouvuta kwenye nta, akaweka kadibodi na kitambaa, akabandika karatasi ya ndani ya jalada, akaviweka kwenye mashine ya kubana siku mbili. Nilimuuliza kwa nini vingine vinashonwa na vingine havishonwi.

"Programu ni ya siku moja," akasema, bila kuinua macho. "Pini inashika kutu, karatasi zinaachana, watu wanafungia nazo njugu. Lakini hii nimeshona," akaipiga kofi rejista mgongoni, "hii hakuna kitu itaiua. Mimi nitaenda, na wewe utaenda, na hii itakuwa tu."

Alisema kwa fahari ya fundi. Mimi niliyachukua maneno hayo nikayaweka.

Cucu alikuwa anauza vitunguu soko la Karatina, na hakuwa mtu wa kutembeatembea mjini. Kwa hiyo alipotokea dukani Jumatatu moja akiwa na koti lake la kanisani, sisi sote tuliacha kazi. Kwa sababu ya Mzee Saidi aliongea Kiswahili chake cha sokoni, maana aliona si adabu kumwacha mtu nje ya maneno. Alitoa leso kifuani, akaifungua fundo, akatoa picha.

Ilikuwa imepigwa studio, nyuma yake pazia lenye maua. Cucu amevaa kitambaa cheupe kichwani, ameinua kidevu, anacheka na pengo lake wazi. Hakuwahi kucheka hivyo mbele ya wageni.

"Weka hii," akamwambia Mama. "Siku yangu ikifika, ni hii utaweka kwa programu. Usiweke ile ya kitambulisho. Kwa ile niko kama mwizi ameshikwa."

"Ati siku gani, maitu? Unaenda wapi na uko mzima?"

"Sijasema naenda. Nimesema uweke. Wewe ndio unajua hii kazi, si ndio? Sasa nani mwingine nitapatia?"

Mzee Saidi alicheka. "Mama, wewe utatuzika sisi wote."

"Nitawazika," Cucu akajibu, "rakini na mimi nikiwa nimependeza."

Wakacheka watatu. Mama akaifuta mikono kwenye aproni, akaipokea picha kwa pembe zake, akaiweka kwenye droo ya meza, pamoja na sindano na mfupa. Droo ile ilikuwa juu ya kichwa changu. Nilisikia inafungwa, nikahisi baridi hadi kwenye meno. Picha ilikuwa imeingia dukani na leo ni Jumatatu. Nilijua kitakachofuata Alhamisi, nilijua Jumamosi. Na jina litakalochapishwa chini yake ni Wangui.

Siku mbili sikula vizuri. Mama alinipima joto kwa nyuma ya mkono akasema ni minyoo. Jumatano asubuhi alikuwa anamalizia rejista ya ubatizo ya kanisa moja la pale mjini, kitabu kikubwa chenye kitambaa cheusi, ambacho alikishona wiki nzima kwa sababu kanisa lilitaka kidumu. Alibandika karatasi ya ndani ya jalada la mbele, akalilaza. Akapaka gundi ya jalada la nyuma, akaiweka karatasi yake juu bila kuikaza, kisha akaona makaa yamefifia, akatoka uani kuleta mengine. Mzee Saidi alikuwa amenipa mgongo, anasawazisha karatasi chini ya kisu.

Nilifungua droo. Niliinua ile karatasi yenye gundi, nikaiteleza picha ya Cucu kati yake na kadibodi, nikailaza tena na kuisugua kwa mfupa kama nilivyomwona Mama akisugua mara elfu, kutoka katikati kwenda pembeni. Nilifanya vizuri. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba nilifanya kazi safi. Mama aliporudi alifunga kitabu, akakiingiza kwenye mashine ya kubana, akazungusha gurudumu hadi likagoma. Nilimwambia Cucu moyoni kwamba sasa hakuna kitu kitakachomuua.

Kitabu kilipotoka, mtu wa kanisa alikuwa amesimama mlangoni anangoja. Mama alikipapasa kitambaa nje, akakagua mgongo, akafungua mbele, hakufungua nyuma. Kikaenda. Jumamosi ilifika, na Cucu hakufa. Jumamosi nyingine, hakufa. Mwezi uliofuata alikuja kutuona na kikapu cha vitunguu, akala, akalalamika kuhusu bei za Karatina, na mimi nikakaa mapajani pake nikijiona mtu mkubwa kuliko wote mezani. Nilikuwa nimemwokoa na hata sikudai shukrani.

Alikufa baada ya mwaka mmoja, katika msimu ule ule wa ukungu, kwa ugonjwa wa kifua. Wasomaji mtasema hapo basi mtoto aligundua makosa yake. Sikugundua. Nilisikia watu wakilia na sikulia. Niliwaza kwamba wamekosea, kwamba mtu hawezi kuwa amekufa na hajapita mezani kwetu. Bila picha hakuna kijitabu, na bila kijitabu hakuna Jumamosi. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, wao watafute wachoke, kisha Cucu aamke aende zake sokoni. Kwa hiyo Mama alipofungua droo na asiione, mimi nilikuwa nimekaa chini ya meza nimefumba mdomo.

Alitoa sindano zote. Akatoa nyuzi, akatoa nta, akaigeuza droo juu chini na kuigonga. Akatafuta ndani ya madaftari, nyuma ya mashine, chini ya mto wangu. Alitafuta siku mbili, huku mwenye duka akimwambia taratibu kwamba sahani ya kuchapia lazima itengenezwe. Mchana wa Jumatano alikaa kwenye stuli, mikono imening'inia. Halafu macho yake yakatua kwenye gunia la Mzee Saidi.

"Wiki ile ya Pasaka," akasema polepole, "wewe ndio ulisafisha hii meza."

"Nilisafisha," Mzee Saidi akajibu. "Nilifagia chini. Droo sikugusa."

"Droo ilikuwa inafunguka yenyewe. Vitu vilikuwa vinaanguka."

"Mama Wangui, wallahi, picha ya mzazi wako ningeiona."

"Ungeiona aje na wewe hauangaliangi! Unazoa tu, unazoa, kila kitu kwa gunia!" Alikuwa amesimama sasa. Wafanyakazi wa chumba cha mbele walikuwa wamekuja mlangoni, na mwenye duka pia. "Ulipeleka mama yangu kwako. Uliwasha jiko na mama yangu!"

Niliiona miguu ya Mzee Saidi, viatu vyake vya raba vilivyojaa vumbi jeupe, haikusogea. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, "Sikumbuki kuiona. Mungu ananiona, sikumbuki."

Hapo ningeweza kusema. Lakini nikisema wataenda kanisani, watapasua jalada, watamtoa Cucu, watampiga pini, na atakufa kweli. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, nawaapia, na ndiyo maana sikusema. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ilikuwa imekaa chini ya meza imekumbatia magoti.

Walichukua picha ya kitambulisho, wakaikuza. Sikujua kwamba jambo kama hilo linawezekana. Alhamisi Cucu alitoka chumba cha mbele akiwa mia tatu, macho yametoka, midomo imekazwa, mwizi ameshikwa. Mama alimkunja mama yake mara mia tatu kwa mfupa ule, na hakuruhusu mtu amsaidie. Chini ya kila uso kulikuwa na jina langu. Mzee Saidi alikata pembeni bila kuinua kichwa. Jioni ile aliondoka bila gunia lake.

Tulimzika Jumamosi. Udongo ulipoanza kuanguka ndipo nililia, na nililia hadi wakanibeba. Watu walisema ni kwa sababu ya jina.

Mzee Saidi aliacha kazi mwezi ule, akapata nyingine ya kuuza makaa. Tulimpita mara nyingi Majengo. Yeye alisimama kando kutupisha, na Mama alitazama mbele. Mimi nilijifanya nafunga kamba za viatu. Nilipokuwa kidato cha pili alifariki asubuhi, akazikwa baada ya sala ya alasiri siku hiyo hiyo, na sisi tulipata habari kesho yake. Alikuwa amesema kweli, sikuona karatasi. Leo nikijaribu kuukumbuka uso wake napata ndevu na vumbi, sipati zaidi ya hapo.

Na mimi? Nilikua. Nilijua watu wanakufa vipi, kama kila mtu anavyojua. Ukimya wa mtoto ukawa ukimya wa msichana, ukawa wa mwanamke mwenye watoto wake. Kila mwaka kusema kulikuwa kugumu kuliko mwaka uliopita, maana ningelazimika kueleza pia kwa nini sikusema mapema. Nilipoona kijitabu chochote cha mazishi nilikigeuza nitazame pini. Nilikuwa naota droo.

Mwanzo wa mwaka huu Mama, akiwa ameshakuwa dhaifu, aliniita nyumbani kwake Skuta. Alikuwa amekaa juani, vidole vyake havikunji tena. Akaniwekea bahasha mikononi.

"Hii ni picha yangu, maitu. Ya siku yangu. Usiipoteze vile mimi nilipoteza ya mama."

Nilipiga moyo konde nikamwambia. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa nitaacha katikati. Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza kitu kimoja tu, "Kitabu gani?" Nikamwambia. Akanyoosha mkono nimwinue.

Msichana wa ofisi ya kanisa hakusumbua. Nilisema tunatafuta mstari wa ubatizo wa zamani, akatutolea rejista kabatini akaendelea na simu yake. Kitambaa kilikuwa kimechubuka pembeni, lakini uzi wa Mama ulikuwa umeshika, hakuna ukurasa uliolegea. Alikifungua kutoka nyuma. Akapitisha kidole gumba juu ya karatasi ya ndani, polepole, kutoka katikati kwenda pembeni, na nikaona kidole kinapanda, kinafuata ukingo, kinageuka pembe. Pembe nne. Akakilaza kiganja chake juu ya Cucu.

Nilikuwa na mfupa kwenye mkoba. "Niibandue?"

"Hapana. Hiyo gundi haitoi kitu. Ukivuta, uso utabaki kwa kadibodi na utatoka na karatasi tupu." Kisha akasema, "Ulisugua vizuri. Hakuna hata kiputo."

Nililia. Yeye hakulia. Tuliporudi, nilipomketisha tena juani alinyoosha mkono, akadai bahasha yake.

"Nilimwambia Mzee Saidi mbele ya watu," akasema. "Ati amewasha jiko na mama yangu. Na yeye akaenda hivyo, hakuna mahali ameandikwa, hakuna mahali unaweza kumwangalia. Mimi nawekwa kwa karatasi nikicheka kwa nini? Yangu usiweke picha. Weka jina."

"Mama, kosa ni langu."

"Lako utajua vile utafanya nalo. Hili ni langu."

Bahasha sijaiona tena. Nadhani aliichoma, lakini sikuuliza. Akasema atakwenda Majengo kuwaona watu wa Mzee Saidi akipata nguvu kidogo. Hakuzipata.

Basi Jumamosi iliyopita tulimzika, na watu wakauliza. Mtu mmoja hakuuliza. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyefunga ushungi wa kijivu, amesimama nyuma karibu na ua. Alikipokea kijitabu, akakitazama, halafu akapitisha ukucha kwenye mkunjo, kitu ambacho hufanya tu mtu aliyekulia na fundi wa karatasi. Nilijua ni Amina, binti wa Mzee Saidi, kabla hajasema jina. Kwaya ilikuwa inaimba. Nilimwendea, na sikungoja hata salamu ziishe.

"Ile picha ni mimi niliificha," nikamwambia. "Iko ndani ya jalada la kitabu cha kanisa. Baba yako hakuichoma."

Alinitazama bila hasira. Ningependelea hasira.

"Tangu siku ile hakuwasha jiko na karatasi tena," akasema. "Lakini nyumbani kulikuwa na magunia yale ya zamani, mabaki ambayo hayakuwa yamechomwa. Alikuwa anakaa mlangoni anatoa kipande kimoja kimoja, anaangalia mbele, anaangalia nyuma. Tulimwambia, Baba, wacha. Anasema, labda kweli niliizoa. Labda sikuangalia. Miaka yote. Alivyokufa tulikuta amerudia gunia la kwanza."

Nikasema lile nililokuwa nalo.

"Nilikuwa mtoto."

"Najua ulikuwa mtoto," Amina akasema. "Alikuwa anakutaja. Shosho mdogo." Akakifungua kijitabu katikati, pale pini zinapoonekana. "Na ulipokua?"

Kwaya ilianza ubeti mwingine. Tulisimama pale sisi wawili, tukatafuta ukurasa wa wimbo.